Baba alitaka kutembea hadi Voi mikono mitupu, majirani wakamletea mizigo

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi ni nyanya wa Busia, mjukuu ndiye amenifungulia account. Haya nimeyaona na macho yangu, na kama nimetia uongo hata kidogo, chai yangu iingie chumvi.

Nimesoma hapa mstaafu mmoja anaomba ushauri, anataka kuvuka Kenya kwa miguu. Mmemjaza maneno. Nunua kiatu hiki, pakua app ile, pitia kwa shemeji yangu Nakuru umsalimie. Hiyo ya shemeji ndiyo imenikera, ndio maana naandika.

Baba yangu alijiandaa kwa safari kama hiyo miaka ya sitini, Uhuru ukiwa bado mpya. Alikuwa mzee, magoti yanalia akiinuka.

Ujanani alichukuliwa kubeba mizigo kwa vita ya kwanza ya Wazungu, wale wapagazi walioitwa Kariokor. Walichukuliwa wawili pamoja, yeye na rafiki yake Wandera. Huko mbele ya Voi Wandera alianguka njiani na hakuamka. Mzigo wake uliondolewa akaongezewa baba. Wandera mwenyewe akaachwa hapo hapo, hata jani hakufunikwa.

Baba alitaka kurudi hapo achukue udongo, auletee dada yake Wandera, mama Auma, apate kitu cha kuzika. Kwetu mtu asiyezikwa nyumbani hajamaliza kufa, na watu wake pia hawatulii.

Na alitaka kwenda kwa miguu, kichwa kikiwa kitupu, bila mzigo wowote. Hayo tu. Mwanaume mzima hajaomba ng'ombe.

Watu wakamwambia treni si iko Malaba, panda. Akawaambia treni ndiyo iliwabeba yeye na Wandera wakiwa wamesongwa kama mbuzi wa soko, na hapandi tena. Wakasema mzee amechanganyikiwa.

Basi akaanza training. Siku hizi mnaiita hivyo, yeye alikuwa anatoka tu asubuhi na fimbo, anaenda sokoni Bumala na kurudi.

Sasa sikieni ujinga wa watu wetu.

Siku ya kwanza tu, jirani amemwona barabarani: "Mzee, si unaenda Bumala? Niletee chumvi." Kesho mwingine anataka mafuta ya taa. Wiki ikiisha baba anarudi amebeba kuliko punda, na aliyemtuma jembe analalamika ati mpini umepinda.

Nilimuuliza baba kwa nini asikatae. Akanitazama kama nimetukana. Kwetu mtu akisafiri anatumwa, na kukataa kutumwa ni kuwaambia watu hamna ujirani. Wazee wa wakati huo wangekufa kwanza.

Halafu akaingia Makokha. Huyu alikuwa na duka karibu na mpaka, mzee wa kanisa, tumbo linaingia mlangoni kabla yake. Akaunda kamati ya safari ya baba! Kamati ya mtu mmoja kutembea! Walikaa kwetu jioni nyingi, mimi napika, wao wanakula na kujadili miguu ya baba. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutembea kupita Funyula bila kuomba lifti ya baiskeli.

Makokha alileta buti kuukuu za askari. Zilimbana baba hadi kucha ikatoka. Baba akarudia ndala zake za tairi, na Makokha akanuna ati zawadi yake imedharauliwa.

Siku ya kuaga ikakaribia, na mizigo ikaanza kuja nyumbani. Samaki wakavu kutoka Rukala wapelekewe mtu Kisumu. Simsim ya Nakuru. Jogoo mzima anawika, wa Nairobi. Mtu mmoja alileta chungu, wakuu. Chungu! Makokha naye debe la unga wa wimbi la kijana wake Mombasa. Nikamwambia Makokha kwamba baba anaishia Voi. Akasema Voi na Mombasa ni jirani.

Nilimkasirikia sana. Nikamuuliza mbele ya watu, kama unajua mzee huyu alibebeshwa nini zamani, unamletea debe la nini? Akacheka. Akasema hiyo mizigo ndiyo itampa baba pa kulala, kila mzigo una mwenyewe na kila mwenyewe ana nyumba. Hapo alikuwa na ukweli kidogo, na ndio uliniuma zaidi, kwa sababu mimi sikuwa na nyumba ya kumpa huko njiani.

Asubuhi ya kuondoka walikuja wote. Maombi marefu. Makokha aliombea hata debe lake.

Kisha wakafunga vitu vyote pamoja, wakamwekea baba kata ya majani ya ndizi kichwani. Baba akachuchumaa. Hakuambiwa. Alichuchumaa mwenyewe, shingo imekaza, macho chini, vile walifundishwa na Wazungu. Wanaume wawili wakainua ule mzigo wakamtwika. Akasimama, na watu wakapiga makofi.

Walipiga makofi, wakuu. Nikawachukia wote.

Baba alikuwa amepiga hatua chache wakati mama Auma alitoka katikati ya wanawake. Alikuwa mdogo wa mwili, haongei sana. Akasimama mbele yake barabarani.

"Weka chini," akasema. "Ndugu yangu alikufa na mzigo wa watu kichwani. Hutaenda kumchukua ukiwa na mwingine."

Makokha akaanza maneno ya desturi. Mama Auma hakumgeukia hata. Akashika debe mwenyewe akalishusha, mimi nikashika upande wa pili, jogoo akatupigia kelele. Tukamaliza. Kata ikabaki kichwani kwa baba, akaiondoa akaiweka juu ya mizigo, akashika fimbo, akaenda.

Hakuna aliyempigia makofi. Walirudi kila mtu na kitu chake, wakinung'unika, na miezi yote aliyokuwa mbali walisema sisi ni familia ya wachoyo. Mimi nililala kila siku nikiwaza amelala wapi.

Alirudi mvua ikiwa imeisha. Mwembamba, mweusi, meno yamepungua, lakini anatembea. Amekumbatia leso imefungwa fundo.

Makokha alikuwa mlangoni pa duka. Akaita kwa sauti ili wote wasikie: "Mzee, si ulikataa mizigo? Na hiyo umebeba nini?"

Baba hakusimama.

"Hii si mzigo," akasema. "Ni Wandera."

Akapita moja kwa moja hadi kwa mama Auma.

Funzo ni hili. Ukimwona mtu mzima anajiandaa kwa safari ya moyo wake, usimtume. Mpe maji, mwambie aende salama, funga mdomo.

Haya, semeni yenu. Kama mzee wenu aliwahi kubebeshwa vya watu, leteni hapa tulie pamoja. Na wa kumtetea Makokha najua hamkosekani, njooni pia, leo nina nafasi.