Maana ya Mjoli

Fundi cherehani huyu wanamwita Kiherehere tangu utotoni, na hawakumsingizia. Hata asubuhi ile alitoka nyumbani na futi ya kupimia imemning'inia shingoni, akaigundua alipokuwa ameshakata tikiti ya kuingia jumba ambamo zamani watumwa walifungiwa.

Alikuja na mama yake mdogo, mzee wa miaka sabini na tisa, aliyempokea mwaka jana katika nyumba waliyoachiwa na wazazi. Hapo ndipo palipoanza vuta nikuvute. Kaka zake walikuja juu: huyu mama ni ndugu yetu kwa upande upi? Kiherehere akawakumbusha waliyosimuliwa tangu wadogo. Bibi yake mama yao alifungiwa kwenye jumba hili pamoja na dada yake, nao waliitana mjoli hadi kufa. Sisi tumetoka kwa mmoja, mama mdogo kwa mwingine. Neno lenyewe hakuna aliyelitumia nje ya familia, wakajua tu ni "dada" ya kizamani. Kaka wakataka ushahidi. Haya, ushahidi ndio uliomtoa nyumbani.

Mama mdogo hakuziweza ngazi, akabaki kwenye benchi mlangoni. Kiherehere akashuka peke yake, akiinama kwa ufupi wa dari. Mikono haikumtulia. Akavuta futi, akapima kidirisha: inchi saba. Akapima pete ya chuma ukutani, kisha kifundo cha mkono wake, akajuta kupima. Akawa anahama kona hii na ile, akisoma vibao nusunusu, mpaka kimoja kikamsimamisha.

"Wajoli: watumwa wa bwana mmoja. Waliitana hivyo hata kama walitoka nchi mbalimbali."

Akakisoma mara tatu. Kumbe si dada, wala si ndugu. Kaka zake wangechekelea wiki nzima. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini kinywa chake hakijawahi kuweka kitu, na alipofika juu tu, akamwaga yote.

Mama mdogo akawa anakunja na kukunjua kitambaa chake.

"Kumbe mimi ni mtu baki," akasema. "Basi nirudishe, mwanangu, nikafungashe."

"Ufungashe uende wapi?"

"Sasa nduguzo utawaambia nini?"

Kiherehere akaenda mpaka getini, akarudi, akaenda tena. Hasira zilikuwa zimempanda, na hazikuwa za mama huyu wala za neno lile. Akasimama mbele yake.

"Nitawaambia ukweli. Yule bibi yetu alikuwa na kipande cha sakafu kisichotosha hata kunyoosha miguu, akajisogeza ili mtu baki apate pa kulala. Sisi tuna vyumba vitano."