Skii za Dada Lena Zilizogoma Kuteleza

Wiki iliyopita nilikuwa nakata mchicha jikoni, sauti ikatoka kwenye simu ya mwanangu: kraaa! Kama mtu anachana doti mpya ya khanga katikati. Nikaacha kisu, nikaenda kuangalia. Kwenye kioo alikuwapo mwanamke amesimama juu ya mlima mweupe, ameshika skii mkononi. Nikamwambia mwanangu, "Hebu rudisha nyuma." Akarudisha. Nikaangalia tena, halafu nikakaa kitako palepale sakafuni, na hasira niliyodhani imekufa zamani ikanipanda upya.

Ngoja niwaeleze ilikotoka.

Tulikuwa tunakaa Kilakala, pale Morogoro mjini, na mama alikuwa akimpikia mgeni mmoja tuliyemwita Dada Lena. Kazi yake huyu dada, kama kweli ile ni kazi, ilikuwa kupanda milima ya theluji akiwa amevaa skii, zile mbao mbili ndefu nyembamba, kisha kuteleza nazo hadi chini. Alikuwa ametoka Kilimanjaro. Alizibeba skii zake toka kwao akitarajia theluji ya kutosha, akakuta ya kupigia picha tu, akashuka kwa miguu kama watu wote. Akaja Morogoro kupumzika, amenuna. Jioni alinionyesha picha zake barazani: hema limefukiwa nusu, kope zimeganda barafu, mwenzake anachimbuliwa kwenye theluji kama muhogo, mzima kabisa, anacheka. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji na chumvi, lakini mimi nilielewa kila kitu. Au nilidhani. Nilikuwa na miaka kumi na nilishaamua kwamba nitakuwa kama yeye.

Alipoondoka aliniachia skii zake. Chini zilikuwa na ngozi yenye manyoya mafupi, inanuka mbuzi. Ukiipapasa kuelekea nyuma ilikuwa laini. Ukirudisha mkono, inakukwaruza. Gari likiwa linamsubiri, akanionyesha kwa vitendo namna ya kuzitumia. Akapiga hatua za kupanda, halafu akafanya kama anamenya ndizi, halafu akainama kama mtu anayeteleza. Hapo kwenye ndizi nilicheka sana. Nilidhani ananiambia nikifika juu nile kwanza.

Likizo ilipofika nikazipeleka kwa bibi, kijijini Choma, kule juu milimani. Watoto wa kule, mvua ikinyesha, walikuwa wakikalia maganda ya mgomba na kuteleza mtelemko mzima wa majani hadi mtoni, wakiongozwa na binamu yangu Mwajuma, mwenye mdomo wake. Nikawatangazia kwamba mimi nitateleza nimesimama. Baba yake, mjomba Shabani, ndiye aliyekuwa na kauli pale nyumbani, na wakati ule alikuwa anatafuta mbao za kuzibia zizi la mbuzi. Macho yake yalitua kwenye skii zangu kabla sijazitua begani.

"Shikamoo mjomba. Hizi si za zizi," nikawahi.

"Marahaba. Za nini sasa?"

"Za kutelezea."

"Haya. Ijumaa nikitoka msikitini nione. Ukifika mtoni, zako. Usipofika, za mbuzi."

Nilifanya mazoezi kila siku, na kila siku ziligoma. Nilizifunga miguuni kwa mipira ya tairi nikapanda mtelemko bila kurudi nyuma hata kidogo, huku wenzangu wakitambaa topeni wakishikilia majani. Kupanda nilipanda! Lakini nikigeuka nishuke, wapi. Najisukuma, nasogea kidogo, nasimama. Nikazipaka sabuni. Nikazipaka mafuta ya nazi, bibi akanifokea kwa mafuta yake. Nikayachana manyoya kwa kitana. Mwajuma ananipita na ganda lake, anapiga kelele, "Mtoto wa mjini, tukuletee kiti?"

Ijumaa mvua ilikuwa imenyesha vizuri. Mjomba alisimama chini mtoni, kanzu ameikunja mkononi isiguse tope, pamoja na bibi na majirani. Nikajisukuma kwa nguvu zangu zote. Skii zikang'ang'ania majani, mimi nikaendelea mbele nikaanguka kifudifudi. Kicheko cha siku ile naweza kuwaigizia mpaka leo. Nililia kwa hasira, si kwa maumivu. Mjomba hakucheka. Alinifungua mipira miguuni, akanifuta tope usoni kwa kiganja chake, akasema, "Huyo mzungu kakudanganya, mama." Jioni skii zilikuwa zizini. Nikamchukia Dada Lena kwa moyo wangu wote, na habari za milima sikuzitaja tena.

Sasa, yule mwanamke wa kwenye simu alikuwa anafanya nini? Amefika kileleni, amevua skii, ameshika ncha ya ile ngozi ya chini, ameivuta yote hadi mwisho. Kraaa. Akaikunja, akaitia ndani ya koti, akavaa skii na kutokomea mtelemkoni. Kumbe ngozi ni ya kupandia, ili usirudi nyuma. Ukitaka kushuka unaibandua, kama unavyomenya ndizi.

Kinachoniuma si tope. Nililaumu majani, nikalaumu miguu yangu, nikamlaumu mtu aliyenipenda, na jibu muda wote nilikuwa nimelikanyaga. Mjomba naye alifariki akiamini kwamba nilidanganywa.

Jumamosi nilipanda Choma. Mwajuma ndiye anayelima pale sasa. Skii moja ilishavunjwa na beberu. Ya pili bado imeziba zizi. Tukaing'oa. Mbuzi walikuwa wametafuna ngozi pembeni, na gundi ilikuwa imekauka, ikabidi niikwangue kwa kisu, ikatoka vipande vipande. Chini yake palikuwa pekundu, panang'aa. Mwajuma akapitisha kidole, kikateleza hadi mwisho. Nilingoja anitanie. Hakunitania.

"Ungetuacha wote," alisema.

Nikamwambia najua. Halafu tukairudisha mahali pake, maana mbuzi walikuwa wameshaanza kutoka.