Umeona au Umesikia? Swali la Istahil Kwenye Taar ya Garissa

Saa mbili kasorobo asubuhi, na mabati ya chumba cha Istahil Hared mjini Garissa yameshaanza kulia kwa joto. Anakaza waya wa betri ya lori kwa koleo, anapangusa kipaza sauti kwa ncha ya shali yake, kisha anaita: "Balambala, Balambala, hapa Garissa. Nani yupo?"

Mkekani wamekaa watu kumi na wanne wakingoja zamu. Mzee mmoja anataka kujua kama mvua imefika malishoni. Mama wa makamo anamtafuta bintiye aliyeolewa Mandera. Siri haina nafasi hapa. Linalosemwa kwenye taar, kama watu wa Kaskazini Mashariki wanavyoiita redio hii ya mawasiliano, humfikia kila aliyefungua masafa yale yale, kuanzia Lafey mpakani hadi ukingo wa Mto Tana. Simu za posta hukatika wiki nzima, kwa hiyo salamu, posa na ugomvi, vyote hupita hapa.

Mashine ni mali yake. Aliinunua mwaka 1992 kwa kuuza ngamia watano alioachiwa na marehemu mumewe, na shemeji zake wakamcheka mpaka wakachoka wenyewe. Leo anatoza shilingi ishirini kwa dakika tatu, na watoto wake wanne wako shuleni.

"Redio ni yangu," anasema, "lakini masikio ni ya watu. Hapo ndipo kazi ilipo."

Kazi hiyo nusura imponyoke Machi mwaka huu wa 1996.

Vijana waliandamana kudai vitambulisho, ambavyo baadhi yao wamevingoja miaka sita. Walianza kwa amani. Walipofika mbele ya ofisi ya vitambulisho mawe yakaruka, mabomu ya machozi yakajibu, na maduka mawili sokoni yakavunjwa. Alasiri ile ile kiongozi wao, Abdimalik, fundi wa pampu za maji, aliingia kwa Istahil na shati limechanika. Akalipa, akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba wenye maduka wamemuua Nuh, mwanafunzi wa miaka kumi na tisa. Kisha akaanza kuwaita ndugu wa Balambala waje na marungu.

Hakufika mbali. Istahil alibonyeza swichi, taa nyekundu ikazimika.

"Umeona au umesikia?" akamuuliza.

Abdimalik alisema mji mzima unajua, na lisemwalo lipo. Istahil akamrudishia pesa zake. Akamwambia kuhusu vitambulisho aseme mpaka betri iishe, na akitaka amtaje mkubwa yeyote kwa jina. Lakini kuita watu waje kupiga watu, hapana. Kijana akamwita kibaraka wa serikali mbele ya wateja wake, mwanamke mzima na heshima zake.

Wanaomfahamu wanajua swali lile lilitoka wapi. Kwa mila za kwao, msafiri huulizwa habari kabla hajapewa maji, na habari ya mgeni haidadisiwi. Kuidadisi ni kumtukana. Mwaka 1993 mgeni alimwambia Istahil kwamba watu wa kisima kimoja karibu na Eldas wameiba ngamia wa ukoo wake. Akaipeleka hewani neno kwa neno, kwa adabu zote. Wanaume wakaenda kisimani na bunduki, na binamu yake Yarrow hakurudi. Siku mbili baadaye ngamia walionekana wakila majani ng'ambo ya bonde. Walikuwa wamepotea wenyewe.

"Maji yakimwagika hayazoleki," anasema, machozi yakimlenga. "Yarrow, wallahi, nilimuua kwa adabu yangu."

Safari hii alidadisi, na alilipia. Wateja arobaini kwa siku wakawa sita. Mawe yakapigwa juu ya mabati. Ebla, mama yake Nuh, ambaye alikuwa akipokea rambirambi, alipita mlangoni bila salamu, na hilo lilimuuma Istahil kuliko mawe yote.

Siku ya tatu akaja afisa mmoja wa serikali akitabasamu. Alimshukuru kwa kumzima mchochezi, kisha akamtaka tangu siku hiyo asimruhusu mwandamanaji yeyote kusema, na majina ya wote wanaosema yaandikwe. Istahil akamwandalia chai ya maziwa ya ngamia, akakataa.

"Nilimzima mmoja kwa neno moja," alimwambia. "Sikuwazima watu na shida zao."

Afisa aliiacha chai, akaondoka akisema atarudi kuichukua mashine. Istahil akawa hana rafiki upande wowote. Hata hivyo kila asubuhi alifungua saa ile ile, akaita Balambala, akaita Eldas, watu waje wasije. Mama huyu ana moyo, asikudanganye mtu.

Siku ya nane Balambala ndiyo iliyoita. Ilikuwa sauti ya kijana, imekauka kwa mafua.

"Mimi ni Nuh. Nilikimbia moshi, nikapanda lori la mbuzi. Nimekaa malishoni kwa mjomba, leo ndio nimefika mjini. Mwambieni mama."

Istahil alitoka mbio bila viatu hadi kwa Ebla, akamshika mkono, akamleta. Ebla alipoisikia sauti ya mwanawe aliketi sakafuni akalia. Kisha akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili na kumuuliza kama amekula.

Asubuhi iliyofuata Abdimalik aliingia, akakaa mwisho wa mkeka, akangoja zamu. Ilipofika alisema kwa sauti ya chini kwamba alisikia, hakuona. Istahil akampa kipaza sauti. Akaeleza mara ngapi amerudishwa kwenye dirisha la vitambulisho na nani alimrudisha, na kutoka Eldas na Lafey watu wakaanza kujibu kwa visa vyao. Siku hiyo betri iliisha kweli.

Sasa wateja wamerudi. Kabla ya Ramadhani Istahil anataka kufungua taar yake ya pili Lafey, ambako itaendeshwa na Fowsiya wa miaka ishirini na miwili, binti wa kaka yake, anayemwita eeddo, yaani shangazi, na tayari anauliza lile swali kwa ukali kumshinda mwalimu wake.

Na afisa? Hajarudi bado. Istahil anacheka, anasogeza mkeka kwa mguu kuonyesha pahali palipo wazi.

"Akija, atakaa hapa angoje zamu. Shilingi ishirini, dakika tatu. Naye nitamuuliza: umeona au umesikia?"