Baba Alipokaa Nyumbani Asubuhi

Harufu ya unga unaopata moto kwenye chuma cha chapati ndiyo iliyokuwa asubuhi yetu Kibokoni. Mama yangu, Bi Rukia, alitengeneza manda, zile karatasi nyembamba za unga zinazofungiwa sambusa, na majirani walikuja kumsaidia kila siku baba akishakwenda kazini. Walivua mabuibui, wakajifunga leso viunoni, wakanyoosha miguu uani, wakasukuma unga na kubandua manda moto moto kwa ncha za vidole huku wakisengenya mtaa mzima. Mwanamume hana lake pale saa hizo. Hakuna aliyeliandika popote, lakini kila mtu alilijua.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa uchumi ulipoharibika na kazi za bandarini zikapungua. Baba alikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo, na siku moja yeye na wenzake wakaambiwa wasirudi. Basi akakaa nyumbani. Hakutaka kuonekana barazani mchana kweupe aulizwe maswali, akajilaza ukumbini na shati lake lililopigwa pasi, macho darini. Bi Zuhura, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alifika mlangoni, akaona viatu vya baba, akarudi zake kimya kimya. Wenzake nao vivyo hivyo. Mama akabaki na chuma peke yake, na Ramadhani ndiyo hiyo inakaribia, kila nyumba itataka sambusa. Manda hizo ndizo zilizobaki kutulisha. Sikufichi, nilikasirika. Nilimpenda baba yangu, lakini nilitamani atoke.

Mwishowe mama alijipangusa unga mikononi akamkabili. "Baba Salma, wallahi nakuheshimu, lakini ukikaa hapa asubuhi watu wangu hawaingii."

Baba aliinuka kitako. "Kazini nimefukuzwa, na kwangu pia nafukuzwa?" Sauti ilimkatika, na mimi nyuma ya pazia moyo uliniuma. Mama hakulainika, wala hakumdharau. "Hufukuzwi. Nakupa kazi. Miaka yote hiyo umewabembeleza watu wa forodha mpaka mizigo ikatoka, leo utashindwa na wenye mikahawa?" Akamwekea kapu la manda miguuni.

Ee, baba alilitazama lile kapu kama aliyepewa mtoto wa watu ambebe! Karani wa bandarini, amchuuzie mkewe? Alilichukua hata hivyo, akapita vichochoroni asionekane, akashika njia ya Mwembe Tayari hadi Makupa. Bi Zuhura na wenzake walirudi uani kabla hajafika mbali. Adhuhuri tukasikia mtu anakohoa kwa nguvu nje, kisha hodi. Alikuwa baba, anabisha mlango wake mwenyewe, wanawake wapate kujistiri.

"Karibu, mwenye nyumba!" Bi Zuhura akamtania.

"Siingii," baba akajibu kwa nje. "Nipeni nyingine, watu wanangoja."

Vigelegele vililipuka uani. Mama alijaza kapu mpaka likafura, nami nikampelekea baba mlangoni nikiwa najivuna vibaya sana.

Leo uchumi umeyumba tena, na nikilinganisha, naona siku zile aliyekosa kazi alikuwa na watu wa kumwambia ukweli usoni. Sasa vijana wa mtaani wanatuma maombi kwa simu, wala hawajibiwi. Mimi nimeirithi kazi ya mama, nina friza mbili, oda zinaingia mchana kutwa, na kinamama ninaowalipa nyumba zao zinasimama. Mwezi uliopita hoteli alimokuwa akifanya kazi mume wangu, Idrisa, ilimrudisha nyumbani, naye akajifungia chumbani. Nilibembeleza nikachoka. Jana baba, kichwa kizima mvi, alikuja akaketi kando ya kitanda cha Idrisa.

"Mwanangu," akamwambia, "mimi mke wangu aliniajiri, na mpaka leo hajanifuta kazi. Muulize wako kama ana nafasi."

Idrisa akanitazama, aibu imemjaa usoni.

"Ninayo," nikamwambia, "na umechelewa mwezi mzima."