Mtani wa Baba Hakufika

Chai ya rangi isiyo na sukari ina harufu kavu, na mpaka leo nikiisikia narudi kwenye matanga ya baba kule Kiabakari, miaka ile ya foleni. Sukari haikuwepo, sabuni haikuwepo, dizeli nayo haikuwepo. Basi la Bunda halikuja, kwa hiyo mtani wa baba hakufika. Kwetu mtani ndiye huvaa koti la marehemu, akaiga mwendo wake na kumsema ubishi wake hadharani, mpaka wafiwa wacheke huku wanalia. Baba tulimzika kimya kabisa. Watu walipotawanyika mama alikaa tu, hali wala hasemi, na mimi, binti wa darasa la saba, niliogopa kwamba atamfuata.

Zamani alipenda sana nimsomee, basi nikaazima shuleni riwaya moja nene. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kwamba fasihi si mzaha, kwa hiyo niliisoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, mama akitazama ukuta. Nikafika mahali mzee mmoja anapofia kwenye foleni ya sukari. Wenzake hawataki apoteze nafasi yake, wanamsukuma mbele kidogo kidogo mpaka dirishani, na muuzaji, bila kuinua macho, anamwambia, "Imekwisha, rudi kesho." Macho yangu yalitangulia sauti, nikamwonea haya mwandishi. Mtu na akili zake anafanyaje utani na maiti? Nikaishia pale mzee anapokata roho, nikafunua kurasa haraka.

"Mbona umeruka?" mama akauliza. "Huyo mzee sukari alipata?"

"Mama, hapo si pazuri."

"Soma, mwanangu."

Nikarudi pale nilipoishia, nikasoma mpaka dirishani. Mabega ya mama yakaanza kutikisika, nikajua nimemmaliza. Kumbe anacheka! Kanga mdomoni, machozi yanamtiririka.

"Huyo ni baba yako kabisa," akasema. "Foleni alikuwaga haachi. Hata huko aliko anauliza nani wa mwisho."

Kisha akaomba ugali. Sijawahi kupika kwa furaha kama siku ile.

Siku hizi nafundisha fasihi Musoma. Sukari imejaa madukani, na wanafunzi wangu wakifika kwenye foleni ile ya riwayani wanaandika kwa nidhamu, "Dhamira: ugumu wa maisha," nyuso zimekunjwa kama zetu siku tulipomzika baba. Basi nawapanga foleni humo humo darasani, namchagua mmoja awe maiti, wenzake wanamsukuma hadi mezani kwangu. "Imekwisha," namwambia, "rudi kesho." Kila mwaka, anayeanza kucheka ni maiti.