Miaka Thelathini ya Watiri

Watiri hakuwa mwanamke wa kugombana na serikali. Alikuwa na mibuni yake pale Giakanja, ng'ombe mmoja mkaidi, na mama mzee, Nduta, ambaye kila jioni aliuliza swali lile lile: "Wamesema Kinyua yuko wapi?"

Kinyua alikuwa kaka yake Watiri. Alichukuliwa na wakoloni wakati wa Hali ya Hatari, akatiwa kambi ya kizuizini, na mwaka 1956 ikaletwa habari kwamba amekufa. Habari ilikuja bila maiti na bila kaburi. Nduta hakuwahi kumlilia mwanawe akatosheka, maana hakujua ageukie upande gani. Alichotaka kabla hajafa ni kuambiwa mahali tu.

Mwaka 1984 Watiri alisikia kwamba karatasi za kambi ile zimehifadhiwa Nyeri, katika ofisi ya kumbukumbu. Karani wa siku hizo, mtu wa maneno machache na chai nyingi, alimweleza sheria: kumbukumbu za serikali hufungwa miaka thelathini, kisha mwananchi yeyote ana haki ya kuzisoma. Karatasi ya mwisho katika faili ile ilikuwa ya mwaka 1957.

"Rudi themanini na saba," akasema.

Mtu mwingine angekwenda zake akangoje. Lakini Watiri alilelewa Tetu, na huko jambo zito haliombwi mara moja. Msichana haposwi kwa safari moja. Wazee huenda, hurudi, huenda tena, na anayekuja mara moja akanyamaza huhesabiwa kuwa hana haja. Basi kila mwaka, kahawa ikishachumwa, Watiri alifunga kitambaa chake cheupe, akapeleka barua iliyoandikwa na mwalimu wa shule, ya kukumbusha kwa heshima kwamba bado anaulizia. Karani aliipokea, akaipiga muhuri, akaitia failini. Bandu bandu huisha gogo, alijiambia Watiri njiani kurudi.

Themanini na saba ikafika. Karani akachungulia faili, akasema bado. Mwaka uliofuata, bado. Tisini, bado. Watiri akadhani hajaomba vya kutosha, na barua zake zikazidi unyenyekevu.

Mwaka 1996 alikuta karani mpya, Mmeru aitwaye Miriti, aliyehamishwa kutoka Timau. Huyu alikuwa na kasoro moja kazini: alisoma alichopewa. Akalifungua jalada, akatazama karatasi ya juu, akamtazama Watiri.

"Mama, keti kwanza. Hii barua ya juu ni ya nani?"

"Si ni yangu ya mwaka jana?"

"Na hii ya chini yake?"

"Hiyo pia ni yangu."

"Sasa sikia. Hapa miaka inahesabiwa kutoka karatasi ya mwisho. Kila ukileta barua inawekwa ndani, na hesabu inaanza upya. Bila hizi barua zako, hii faili ingekuwa wazi zamani. Sasa ni mpaka elfu mbili ishirini na tano. Usilete barua tena."

"Ati nini?"

Miriti alirudia. Barua ya mwaka huo ilikuwa mkobani, na Watiri akaubana mkoba kwapani.

"Basi toa zangu niende nazo."

"Siwezi. Karatasi ikishaingia ni ya serikali. Nikiitoa, mimi nafungwa."

"Nisomee tu alipo."

"Hata hiyo siwezi, mama. Nilikula kiapo."

Miriti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na mshahara umewatia uoga wengi walio bora kuliko yeye. Sheria ni msumeno, wanasema, hukata mbele na nyuma. Lakini safari hii msumeno ulishikwa na adabu ya Watiri mwenyewe, na hilo ndilo lililomuuma.

Jioni Nduta akauliza, "Wamesema Kinyua yuko wapi?"

"Wamesema tungoje kidogo, Maitu," Watiri akamjibu mama yake.

Nduta alikuwa mzoefu wa kungoja. Akaomba uji.

Alifariki mwaka uliofuata, wakati wa mvua ya Aprili. Baada ya maziko Watiri alirudi Nyeri, na Miriti alipoona bahasha mkononi mwake alishtuka.

"Mama! Si nilikuambia usilete barua tena?"

"Hii si ya kuuliza. Na usiitie kule. Ifungulie faili yake."

Miriti akaisoma. Ilisema kwamba Nduta, mama wa Kinyua na Watiri, amezikwa Giakanja katika shamba lake mwenyewe, nyuma ya ghala la mahindi, kichwa kikielekea mlimani, na kwamba ubavuni pake pameachwa nafasi ya mtu mmoja.

"Hii ni ya nini, mama?"

"Siku mtu akija hapa kuuliza mama ya Kinyua alilazwa wapi, asisumbuke kama mimi."

Miriti akachukua jalada jipya, akaandika jina la Nduta juu yake, akapiga muhuri polepole.

"Itafunguliwa elfu mbili ishirini na saba," akasema, bila kumtazama.

"Ni sawa," akasema Watiri. "Sitaleta nyingine juu yake."