Saa Kumi na Moja Hiyohiyo

Nikiri mapema ili yaishe: kuna uchochoro mmoja Chumbageni, mtaani kwetu nilikozaliwa, ambao mpaka leo siupiti, nauzunguka, maana pale kwenye baraza hukaa watu ambao wakiniona tu huulizana kwa sauti, "Jamani, hivi sasa saa ngapi?" na kila mmoja ana simu mkononi.

Jina langu Bakari, na kosa langu lilikuwa la tarakimu moja tu, nayo ni sita.

Wakati huo nilikuwa mtu wa takwimu kwenye mradi mmoja wa maji, na mradi ukaja mtaani kwetu hukohuko (raha iliyoje, kupita na kompyuta mbele ya watu waliokujua ukiwa huna viatu). Maji yenyewe yalikuwa machache, yangefunguliwa mara moja kwa siku, kwa hiyo ilitakiwa ijulikane watu wengi huchota saa ngapi. Huwezi kumhoji kila mtu, ndiyo maana tuliteua kaya sitini kwa bahati nasibu, tukaziuliza hizo, kisha programu ya takwimu ikakadiria mtaa mzima, kila kaya iliyohojiwa ikisimama badala ya nyingine ambazo hatukuzifikia. Kule kusimama badala ya wenzake ndiko sisi tunakoita uzito, na mtaani kwetu uzito wa kila kaya ulikuwa ishirini.

Majibu yalipofika nikakuta wahoji wameandika saa kama watu walivyozitamka. Mtu kasema kumi na moja, imeandikwa 11, kasema moja, imeandikwa 1, na programu haizijui saa zetu, yenyewe siku yake huanza saa sita ya usiku. Ilikuwa Ijumaa, adhana imekaribia, kanzu yangu iko mkononi, nikajiambia kijambo kidogo hiki, saa moja yetu ya asubuhi ni saba kwao, basi ongeza sita safu nzima, nikaandika amri ya mstari mmoja, nikabonyeza, nikaenda zangu msikitini. Niliporudi jedwali lilikuwa tayari, saa yenye wachotaji wengi kuliko zote ni 17:00. Nami si mzembe, nikahakiki. Kumi na saba toa sita, kumi na moja. Nikafurahi kweli, maana nani asiyejua kwamba watu wetu huchota maji saa kumi na moja alfajiri?

(Ndiyo. Najua. Kumi na saba ni saa kumi na moja ya jioni, ya alfajiri ni tano. Sasa najua, na walioniambia ni wengi.)

Ripoti ikaenda kwa Injinia, mtu wa bara, mpole, hasemi mara mbili, ambaye ndiye aliyefunga kwenye tangi kile kifaa kinachofungua maji chenyewe saa ikifika. Alinipigia simu mara moja tu.

"Bakari, nategesha kumi na saba kamili?"

"Saa kumi na moja," nikamwambia.

"Kumi na saba."

"Hiyohiyo, Injinia."

Hiyohiyo. Neno hilo nikilikumbuka nikiwa nakula, nasogeza sahani pembeni.

Halafu ukaja mkutano wa mtaa wa kutangaza matokeo, na hapo ningesema saa tu nikakaa chini ingekuwa nafuu, lakini nikataka kuwaelimisha. Mzee Seif, mwenyekiti wa kamati ya maji, mtu wa ukoo wa Kiarabu mwenye nyumba zake tatu na heshima zake, akauliza vizuri tu mbona yeye hakuhojiwa. Nikamwambia asihofu, kaya ya jirani yake Bi Mwanakombo imehojiwa, na Bi Mwanakombo ana uzito.

"Uzito wangu umeupimia wapi, weye?" akauliza Bi Mwanakombo, ambaye ni mpishi wa shughuli na kwa kweli hahitaji mizani.

"Uzito wa kitakwimu, Bi. Wako ni ishirini. Yaani Mzee Seif hapa ni kama yumo ndani yako."

Mke wa Mzee Seif alikuwa safu ya pili, akakunja kipepeo chake taratibu, akamtazama mumewe, kisha Bi Mwanakombo, kisha mimi. Mzee Seif akasema, "Astaghfirullah, mimi nimo kwangu," watu wakaangua kicheko, na katika kicheko hicho ikapitishwa kwa mikono yote kwamba maji yafunguliwe saa kumi na moja. Hakuna aliyesema alfajiri wala jioni. Ya nini, na mtaa mzima unajua?

Sasa lililoniuma si mkutano. Siku ya maji kufunguliwa kwa mara ya kwanza ndiyo siku ya ndoa ya mdogo wangu Zuhura, na pilau ya watu wote ilikuwa ipikwe uani kwetu tangu alfajiri. Mama alitaka kuagiza maji ya mkokoteni siku moja kabla, kama ilivyo kawaida, nami nikamzuia. "Mama, ya nini? Saa kumi na moja maji yako bombani. Nimeyakadiria mwenyewe." Akaniangalia kwa namna mama anavyomwangalia mtoto aliyesomeshwa kwa shida, akasema haya mwanangu, nawe ndiye msomi. Akaamini. Hilo ndilo linaloniuma.

Alfajiri hiyo nikafungua bomba letu la ukutani pale uani mpaka mwisho, likatoa pumzi likanyamaza. Kwenye bomba la mtaa foleni ilikuwa imefika kona. Nikawaambia dakika tano. Baada ya nusu saa nikawaambia dakika tano. Kisha foleni yenyewe ikaingia wazimu, maana Bi Mwanakombo, ambaye ndiye angetupikia, alifika na ndoo moja akapanga nyuma yake kandambili, kata, mwiko na vifuniko vya sufuria mpaka vikatimia ishirini.

"Bi, hizo nafasi za nani?"

"Zangu. Mie kaya ishirini, muulize Bakari."

Wengine waliohojiwa wakasikia, nao wakaanza kupanga vitu, wasiohojiwa wakasema wao hawana haja ya kupanga foleni kwa kuwa wamo ndani ya Bi Mwanakombo na akichota yeye wamechota wao, naye akawaambia watoke ndani yake mara moja maana hakuwakaribisha. Mzee Seif akaja na birika lake kutazama, akaulizwa kama naye yumo, akageuka akarudi kwake bila kuitikia hata shikamoo.

Nikampigia Injinia. Alikuwa Horohoro mpakani kwa kazi nyingine, ufunguo wa chumba cha tangi uko mfukoni mwake na gari la mradi limekwenda mbele, lisingerudi mpaka jioni.

"Maji hayatoki," nikamwambia.

"Yatatoka kumi na saba. Jioni."

"Jioni? Nani anachota maji jioni?"

"Ripoti yako. Inasema pia mnakula chakula cha usiku saa mbili asubuhi. Nilidhani ni desturi za pwani, sikutaka kuwadharau."

Nilikaa chini kwenye kizingiti. Nikamwambia Mama yote, sikuficha, na yeye akaelewa kabla sijamaliza, akauliza jambo moja tu, mikokoteni ya maji iko wapi. Haikuwapo. Wauza maji walikuwa kwenye mkutano, walisikia maji yanakuja saa kumi na moja, wakahamia mitaa mingine. Kisima cha karibu kina chumvi, ukipikia pilau hailiki. Mchele umeoshwa kwa maji ya mwisho ya mtungi, nyama imo kwenye masinia, Zuhura yumo ndani na hina mikononi, anauliza kila anayepita, "Wameshabandika?"

Habari ilifika mtaa wa Usagara kwa wakwe sijui kwa mdomo wa nani. Saa tatu asubuhi (asubuhi) guta likaingia mtaani limepakia mapipa ya maji, limefunikwa kanga mpya kama linavyofunikwa begi la bibi harusi, na mbele yake ami yake bwana harusi anatembea kwa miguu.

"Mahari mlishapokea," akamwambia Mama, "haya maji ni nyongeza."

Alisema kwa wema, wala hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka. Mama akajifunga kanga vizuri, akamshukuru, akawakaribisha, akaenda kuinjika sufuria yeye mwenyewe, na mimi hakunitazama. Nyumba inayooza binti na kuletewa maji ya kupikia na wakwe. Nilitamani anitukane mbele za watu.

Pilau iliiva, watu wakala, ndoa ikawa baada ya Alasiri uani kwetu, wazee wa Usagara wameketi kwenye mikeka chini ya turubai, migongo yao imeelekea ukutani. Mama alikuwa ameanza hata kutabasamu. Ndipo nikasikia ukuta unakohoa.

Bomba nililolifungua alfajiri sikulifunga. Na si mimi peke yangu, mtaa mzima wote wenye mabomba uani walikuwa wameyafungua wakakata tamaa wakayaacha vile vile, kwa hiyo saa kumi na moja kamili, kwa uaminifu ambao sijapata kuuona kwenye kitu chochote cha mradi ule, maji yakatoka nyumba zote hizo kwa mpigo. La kwetu lilimpata ami yake bwana harusi shingoni. Mikeka ikaelea. Sheikh akanyanyua kanzu na daftari la ndoa kwa mkono mmoja. Na kutoka upande wa jikoni ikasikika sauti ya Bi Mwanakombo ikiita bila haraka, "Mzee Seif, maji yako hayo, njoo uchote, mie nimechoka kukubeba."

Ami aliyelowa ndiye aliyeanza kucheka, Mama akafuatia, akacheka mpaka akashika ukuta, na hapo nikajua nimesamehewa. Kusamehewa si kusahauliwa.

Tangu siku ile sijatamka saa bila kutaja alfajiri, asubuhi, jioni au usiku, hata nikiulizwa na mtu anayekimbilia basi. Mwaka uliofuata nilioa mimi, nikaandika kadi ya mwaliko mwenyewe, nikaihakiki mara tatu nikampelekea Mama aione kisha aipeleke kwa mchapaji. Alipoirudisha kutoka kwa mchapaji ilikuwa na mstari mmoja mpya chini kabisa, kwa herufi nzito: "Saa kumi JIONI. Bwana harusi ni Bakari, tafadhali njooni na maji."